Mazulia Uani kwa Oene

Jeltje Haanstra ana medali nyingi za kuteleza kwenye barafu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa Oosterweer, na hapa kijijini hazimsaidii kitu. Alizipata kwenye barafu ya mashine, ndani ya majumba yenye paa, na nyingine kwenye ziwa moja la milimani Austria, ambako watu wetu huenda kila Januari kutafuta baridi ya kulipia. Akizisimulia, wazee humsikiliza kwa adabu, kisha humwuliza kama amewahi kukifikia kinu cha saba. Hajawahi. Basi mazungumzo huishia hapo.

Mashindano ya Vinu Saba hayana tarehe. Hufanyika barafu ikikubali, na barafu ya siku hizi ina maringo. Njia inaanzia kwetu, inafuata mifereji na maziwa kupitia vinu vyote saba vya upepo, halafu inarudi. Anayemaliza kabla jua halijazama hupewa kinu kidogo cha bati, naye hukipigilia juu ya mlango wa mbele wa nyumba yake. Hakivaliwi wala hakiwekwi kabatini. Mpita njia hutazama juu ya mlango akajua anapita kwa nani. Kwangu kipo kimoja, cha marehemu mume wangu, na kila nikipaka mlango rangi nalazimika kukizunguka kwa brashi ya watoto.

Mara ya mwisho mashindano hayo kufanyika kabla ya haya nitakayosimulia, Jeltje alikuwa mtoto, kitandani, ana surua. Baba yake, Sietse, alirudi nyusi zimeganda, akamwonyesha kile kinu cha bati na kumwambia, "Zamu ijayo tunakwenda wote." Sietse hakuwa mtu wa ahadi, ndiyo maana binti yake aliishika hii. Wakakaa wakingoja zamu ijayo. Sietse akazeeka anangoja, akafa anangoja, na kinu chake kikabaki juu ya mlango wa shamba, ambalo lilikwenda kwa mtoto wake wa kiume, Oene.

Mimi ni jirani yao ng'ambo ya barabara, wananiita Shangazi kwa heshima tu. Nilimwona Jeltje akijifunza kuteleza kama watoto wote wa hapa, akisukuma kiti cha jikoni juu ya mtaro ulioganda nyuma ya banda la ng'ombe. Tofauti yake na wenzake ni kwamba alipochoka hakukaa juu ya kiti. Alilala kifudifudi, pua juu ya barafu, akitazama mapovu yaliyonaswa ndani yake. Mama yake alinipigia kelele siku moja nikamtazame kama amezimia. Hakuwa amezimia. Alikuwa anataka kujua kwa nini mapovu yamejipanga.

Akaenda chuo kikuu na timu ya taifa katika mwaka mmoja. Asubuhi alikuwa uwanjani anazunguka, mchana alikuwa kwenye chumba baridi cha maabara anakata vipande vya barafu, na alikuwa akivaa nguo za ndani za sufu zilezile kotekote, jambo ambalo wenzake wa maabara walilalamikia kwa mkuu wa maabara. Alipata shahada ya uzamivu mwaka aliopata ubingwa wa mbio ndefu. Kazi yake, ukiondoa maneno makubwa, ni kujua namna barafu inavyokua juu ya maji yanayotembea, na mahali inapokuwa dhaifu. Barafu hukua kwenda chini, si juu, na theluji ikiilalia ni kama umeifunika blanketi, haikui tena. Hayo alinifundisha mezani kwangu, akila supu yangu ya njegere, na mimi nilikuwa nayajua, ila nilimwacha amalize.

Halafu likaja lile gazeti. Mwandishi alimwuliza kama Vinu Saba vitafanyika tena. Akajibu kwamba pengine mara moja, na pengine hata hiyo moja isije. Mwandishi akamwuliza kuhusu ng'ombe, maana mwaka ule kila mtu aliulizwa kuhusu ng'ombe. Akasema ng'ombe wana sehemu yao katika kupasha dunia joto, wakiwemo wale waliomlea yeye.

Angeweza kuishia kwenye "sehemu yao". Lakini Jeltje akianza sentensi huimaliza. Mwuza nyama akaacha kumwuliza habari. Oene alilisoma gazeti amesimama, akalikunja, akalitia kwenye jiko la kuni, na kuanzia siku hiyo hakumsemesha dada yake. Yeye ni kaka mkubwa, na shamba lile lilikuwa limeshamtoa jasho la kutosha bila dada yake kulitaja gazetini. Nilimwelewa. Nilimwelewa na Jeltje pia, na kuwaelewa wote wawili kulinichosha sana.

Ikapita miaka miwili namna hiyo, halafu baridi ikaja.

Ilikuja bila theluji, na bila upepo, kama ambavyo barafu inapenda. Kwanza mitaro, halafu mifereji, halafu lile ziwa kubwa likanyamaza. Watu wazima wakaanza kuondoka kazini mapema kwa visingizio vya kitoto. Mwenyekiti wa Vinu Saba, Wybren Sikkema, anayeuza matrekta, akatokea kwenye televisheni akasema hana la kusema, na kila mtu akajua maana yake: mashindano yanakaribia.

Njia imegawanywa vipande, na kila kipande kina msimamizi wake mwenye fimbo ya kupimia iliyochorwa mstari mwekundu. Unatoboa barafu kwa keekee, unaingiza fimbo, na barafu isipofika kwenye mstari unasema hapana. Hapana ya mmoja ni hapana ya wote, wala haulizwi kwa nini. Fimbo hurithiwa. Oene hakutaka ya baba yao, kwa hiyo Jeltje alikuwa nayo, na kipande chenyewe ni kile cha kona ya nyuma ya shamba la Haanstra. Alikuwa msimamizi, na alikuwa mshindani, na wabashiri walikuwa wanamtaja wa kwanza kwa upande wa wanawake. Umri wake ulikuwa umepita arobaini. Alijua hana nafasi nyingine.

Nilikuwa nimeweka meza yangu ya supu pale ukingoni siku moja kabla ya mashindano, nikijaribu jiko, Jeltje alipopima mbele ya Wybren. Fimbo ikaingia, barafu haikuufikia mstari mwekundu.

"Pima tena," Wybren akasema.

"Nimepima huku na huku, Wybren. Hata nikiiimbia haitaongezeka."

"Mahali pengine pote iko sawa! Pote! Hapa pana nini?"

Jeltje akanyoosha kidole. Kwenye ukingo, chini ya ukuta wa banda, lilikuwepo bomba linatoa mvuke mwembamba. Maji ya kupozea tangi la maziwa. Yanatoka kisimani, yanalizunguka tangi, yanatoka yakiwa na uvuguvugu kidogo, yanaingia mferejini. Shamba gani hapa halina bomba la namna hiyo? Miaka yote hakuna aliyeliona, kwa sababu miaka yote hapakuwa na barafu ya kuharibu.

"Mwambie alifunge," Wybren akasema.

"Akilifunga leo, kesho bado haitoshi. Na maziwa ayapeleke wapi? Hapa watu itabidi wapite nchi kavu."

Hilo si jambo geni kwetu. Mahali barafu ilipo mbovu, mtu hupanda ukingoni na viatu vyake vya vyuma vya kutelezea, hutembea juu ya mazulia yaliyotandikwa, kisha hushuka tena mbele. Tunaliita klúnje, na watoto hulicheza sebuleni. Ila ng'ambo ya kona ile ni matete na tope. Upande wa huku ni ua wa Oene.

"Basi kazungumze na kaka yako," Wybren akasema.

"Wewe ndiye mwenyekiti."

"Mimi nimewahi kumwuzia trekta. Hawezi kunisikiliza tena maisha yake yote."

Jeltje akanigeukia. "Shangazi Froukje, twende wote. Nikienda peke yangu atanifungia mlango."

Nikazima jiko. Tukapita chini ya kinu cha bati cha Sietse, tukaingia jikoni.

Oene alitupa kahawa. Mtu hapa anaweza kukuchukia na bado akakupa kahawa. Kisha akashusha kopo la biskuti, akalifungua, akanipa moja, akalifunga. Jeltje alikuwa amekaa palepale, mkono wake karibu na kopo, na hakupewa. Nimeishi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuona tusi kubwa kama lile likitolewa kwa ukimya namna ile.

"Haya, Shangazi," Oene akasema. "Wewe na mgeni wako mnataka nini?"

"Watu wanaomba kupita uani kwako kesho," nikasema.

"Watu gani?"

"Wote."

Akacheka. "Si gazeti lilisema barafu haiji tena? Sasa hao watafikaje uani kwangu? Wanaruka?"

"Nilisema pengine," Jeltje akasema. "Na nilisema inaweza kuja mara moja."

"Ndiyo hii?"

"Naona ndiyo hii."

Oene akakoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari. "Andika kwamba ulikosea. Mistari miwili tu, gazeti lilelile. Nitafungua geti sasa hivi."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Ningekuwa nimekosea ningeandika jana bila kuombwa. Lakini baridi ya wiki moja si jibu, Oene. Ng'ombe wako mmoja mgonjwa akikupa maziwa mengi leo, unamwambia daktari zizi zima limepona?"

Nilitaka kumfinya chini ya meza. Ulikuwa mfano mzuri, na ndiyo maana Oene alipandwa na damu mpaka masikioni. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayepanga bei ya ndama.

"Sawa. Wapite wote. Wybren apite na tumbo lake. Wewe usipite. Wewe utakaa uani kwangu kutwa nzima, unanyoosha mazulia, wenzako wanapita. Kama mimi ndiye niliye sawa, barafu itarudi. Mwakani, mwaka unaofuata, itarudi kama ilivyorudi enzi za Baba, nawe utakwenda zako. Hutakuwa umepoteza kitu. Lakini kama wewe ndiye msema kweli, basi..." Akainua mabega. "Hapo utajua mwenyewe."

"Oene, hiyo ni roho mbaya," nikamwambia.

"Ni hesabu tu, Shangazi. Si yeye ndiye msomi?"

Jeltje alitazama kizingiti cha juu cha mlango, ingawa kinu cha bati kiko upande wa nje na kutoka ndani hakionekani. Naapa niliona alivyofikiri. Akisema hapana kwa Wybren, hakuna atakayekwenda, wala mtoto, wala mzee aliyeshonesha suruali mpya. Akiandika mistari miwili, atakwenda na atakuwa mwongo. Kubaki kulikuwa na gharama kwa mtu mmoja tu katika mkoa mzima, yule aliyesoma barafu mpaka akajua hairudi.

"Mazulia unayo?" akauliza.

Nje nilimshika mkono. "We binti, una akili kweli? Mdanganye huyo! Andika, ushindane, halafu ukanushe."

"Shangazi."

"Au pengine kweli itarudi. Unaamini kabisa kwamba hairudi?"

"Ndiyo kazi yangu," akasema. "Naomba unisaidie kuyabeba."

Nilimwita mjinga. Nililisema kwa sauti, na Wybren alisikia, na sikuomba radhi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na zaidi na Sietse kwa kuzaa watoto wenye vichwa vya namna hiyo.

Yalikuwa mazulia ya sebule ya mama yao, ya ngazi, ya kanisa la zamani, na moja lililokuwa chini ya kitanda cha ndoa cha Oene. Asubuhi yake, giza halijatoka vizuri, wa kwanza wakafika. Wanapanda ukingo wakipumua kama farasi, wanakimbia kwa vidole vya miguu uani, kokoko, kokoko, wanapita kati ya banda na lundo la samadi, wanashuka ng'ambo. Na katikati yupo Jeltje Haanstra, bingwa wa taifa, amevaa buti za mpira za kaka yake, anavuta kwa uma wa majani kila zulia linalojikunja.

"Jeltje! Umechoka mapema hivyo?" mmoja akamtania.

"Angalia mguu, zulia limepinda."

"Barafu ya kweli imekuogopesha, eti?"

"Pita, baba, unaziba njia."

Nynke, msichana aliyefundishwa na Jeltje mwenyewe, alifika akiongoza wanawake wote. Alipomwona alisimama kabisa, hali nyuma yake wanakuja. "Mwalimu? Unafanya nini hapa?"

"Usisimame. Daraja la pili kaa kulia, kushoto pana ufa umefunikwa na vumbi la barafu. Nenda." Akamshika kiwiko akamvusha. Nynke alishinda siku ile. Kinu chake kiko juu ya mlango wa nyumba ya kupanga, na nasikia mwenye nyumba anamdai ruhusa ya msumari.

Mapatano ya jikoni tuliyajua watatu. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinayajua, kwa sababu nilikuwa nauza supu na watu wanaongoja supu hupenda kusikia jambo. Kuanzia hapo waliopita uani wakirudi waliacha kumsalimu Oene. Walimkanyagia mazulia yake kimya. Mzee mmoja alimtemea mate karibu na buti, halafu akamshukuru kwa njia, maana adabu ni adabu.

Oene alisimama kwenye mlango wa banda kutwa. Nadhani alitarajia dada yake ashindwe. Nadhani alitarajia atavua buti saa yoyote, avae viatu vyake vya vyuma na kuondoka, ili yeye apate kusema, mnaona? Lakini Jeltje alikuwa amepiga magoti anachomoa changarawe kwenye zulia la mama yao, watu wasije wakaharibu makali ya vyuma vyao.

Jua liliposhuka mpaka kwenye matete, Oene akaja. Mikononi ana viatu vya vyuma vya Jeltje. Alikuwa ameviweka karibu na jiko ili ngozi isikakamae, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

"Vaa," akasema.

"Nivae niende wapi?"

"Nenda. Nimesema nenda! Mimi ndiye niliyeweka sharti, mimi nalitoa."

"Oene," Jeltje akasema, kwa upole wa kunitia uchungu, "jua linazama. Sitafika hata kinu cha pili."

Oene akageuka kulitazama jua kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Mtu anayekamua ng'ombe asubuhi na jioni kila siku ya maisha yake, akawa hajui ni saa ngapi. Alisimama na vile viatu mkononi. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile kopo la biskuti, akaliweka juu ya pipa, akalifungua. Jeltje akachukua moja. Oene hakulifunga. Lilibaki wazi pale mpaka wa mwisho walipopita wakirudi, na nao walijichukulia.

Wybren alitaka kumpa Jeltje kinu cha bati cha heshima. Alikikataa. "Sijafika," alisema tu. Siku mbili baadaye mvua ikanyesha, na wiki haikwisha mfereji ulikuwa unatembea kama kawaida.

Mifereji haijaganda tena tangu hapo. Jeltje ameacha mashindano, fimbo ya kupimia amemwachia kaka yake, anafundisha chuoni, na mlango wake wa mjini hauna kitu juu yake. Oene amelihamisha bomba. Alichimba mwenyewe, kwa koleo, mtaro mpya wa kupeleka maji ya tangi shambani, mbali na ile kona. Mazulia ameyakunja na kuyaning'iniza darini ili panya wasiyafikie, na kila Desemba huyashusha akayapiga fimbo uani, vumbi linaingia mpaka kwangu.

Kila Januari Oene huja kunywa kahawa jikoni kwangu, na akiwa hapo humpigia dada yake, kwa sababu anadai simu yake haisikiki vizuri. Mwaka huu pia alikuja. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Vipi huko kwenye mashine zenu za kutabiri hali ya hewa?" akauliza. "Wiki ijayo?"

"Mvua, Kaka."

"Na mwezi wa pili?"

"Mvua."

Oene akazungusha kikombe mezani. "Lakini unaweza kuwa umekosea."

"Naweza," Jeltje akasema. "Naweza kabisa kuwa nimekosea, Oene."

Huwa anamjibu hivyo kila mwaka, yuleyule aliyekataa kuandika mistari miwili. Oene aliaga, akavaa kofia, akatoka mvuani na fimbo ya baba yao kwenda kutazama ile kona.